Sweta ya Februari: kisa cha tezi ya shingo iliyokosa amri

Mwezi wa pili Dar es Salaam hata chumba chenye feni mbili hakikaliki. Siku hiyo wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje ya kituo chetu, huku Temeke, walikuwa wanajipepea kwa kadi zao za kliniki. Katikati yao alikaa mama mmoja amevaa sweta nzito ya kijivu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na juu yake amejitanda kanga. Nilidhani ana malaria. Nilimpima joto: 35.6. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Ana miaka 31, ni mama lishe karibu na soko la Tandika, ana mtoto mmoja wa miaka mitatu. Malalamiko yake aliyataja kwa sauti ya kukwaruza, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Mwili mzito. Baridi. Choo kinapatikana mara moja kwa siku nne au tano. Ngozi inachanika visigino. Na kusahau: "Mteja ananiagiza wali maharage, nikifika jikoni nampakulia ugali." Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, akaongezea, "Daktari, huyu alikuwa mchapakazi. Siku hizi akikaa, amekaa." Kisha akamgusa shingo. Mgonjwa kwao ni Njombe, na bibi huyo alikuwa amesikia kwamba nyanda za juu kusini watu walikuwa wanaota rovu. Niliipapasa ile shingo mwenyewe. Ilikuwa laini, haina uvimbe.

Mapigo ya moyo 54 kwa dakika. Presha 92 kwa 58. Nilimpigisha magoti kwenye kiti, miguu ikining'inia, nikagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo. Unyayo uliruka kama kawaida, lakini kurudi mahali pake ulichukua muda: ulishuka taratibu kama mlango unaojifunga wenyewe. Ukiona hivyo, wazo la kwanza ni tezi ya thairoidi kufanya kazi chini ya kiwango, na wazo langu lilikuwa hilohilo. Mama huyu hana bima, analipa mfukoni, kwa hiyo niliandika kipimo kimoja tu, TSH, kile cha damu tunachoanza nacho kuiangalia tezi hiyo. Majibu yalirudi 2.1, na maabara yetu inaandika kawaida kuwa 0.4 hadi 4.0. Nikamwambia tezi yako iko sawa, mama. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, akaenda.

Hapo nilikosea. Naandika kisa hiki kwa sababu kosa lenyewe linafanyika kila siku, na anayelifanya anaweza kuwa makini kabisa.

Ili lieleweke, inabidi tuanze na tezi yenyewe. Imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, imelikumbatia bomba la hewa kwa mabawa mawili kama kipepeo aliyetua. Ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Ndani yake ni vifuko vidogo sana vilivyojaa ute mzito, na seli za kuta za vifuko hivyo zina kazi moja ya ajabu: kuyanasa madini joto kutoka kwenye damu. Ni yaleyale yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, kiasi ambacho ukikiweka kwenye kiganja huwezi kukiona, na mwili hauna mahali pengine pa kuyatumia kwa wingi isipokuwa hapo.

Madini joto yakishanaswa hubandikwa kwenye protini ndefu, na kutoka humo zinakatwa homoni mbili. Moja ina chembe nne za madini joto, ndiyo T4, au thairoksini. Nyingine ina tatu, ndiyo T3. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo, lakini kazi hasa inafanywa na T3. Ini, figo na viungo vingine huichukua T4, vikaipokonya chembe moja, ikawa T3. Karibu asilimia 80 ya T3 yote ya mwili hupatikana hivyo, nje ya tezi. Akiba ya homoni iliyomo kwenye vile vifuko inaweza kumtosha mtu miezi miwili au mitatu, na T4 ikishaingia kwenye damu huchukua takriban siku saba kupungua kwa nusu. Hakuna kinachokwenda haraka katika mfumo huu. Mgonjwa hawezi kukutajia siku aliyoanza kuumwa.

T3 huingia mpaka kwenye kiini cha seli, ikakaa juu ya vinasaba na kuamuru protini fulani zitengenezwe zaidi. Seli huongeza pampu za kusukuma chumvi nje, pampu zinakula nishati, nishati inatoa joto. Moyo unadunda kwa kasi na nguvu. Utumbo unasukuma chakula. Ubongo unafikiri bila kukwama. Iondoe T3, kisha umtazame tena yule mama: baridi, mapigo 54, choo cha siku ya tano, ugali badala ya wali. Kila alichokisema kilikuwa kwenye orodha hiyo, na mimi niliamini namba moja kuliko yeye.

Sasa tezi hii haijiamulii. Inaamriwa na tezi nyingine ndogo kama punje ya njegere, pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo kwenye tandiko la mfupa nyuma ya pua. Chukulia pituitari ni ofisi ya serikali ya mtaa, na thairoidi ni fundi. Ofisi inaangalia kazi mtaani. Ikiona homoni imepungua, inamwandikia fundi barua nyingi za kumhimiza. Ikiona imejaa, inaacha kuandika. Barua hizo ndizo TSH. Juu ya ofisi hiyo kuna sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi, nayo inaisukuma ofisi iandike, lakini kwa kisa hiki inatosha kujua kwamba ipo.

Kwa hiyo tunapopima TSH tunahesabu barua, na hesabu hiyo kwa kawaida inasema kweli. Fundi akizeeka au akishambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, kama katika ugonjwa alioueleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, barua zinapanda hadi 20, 50, hata 100, mara nyingi kabla homoni yenyewe haijashuka sana. Madini joto yakikosekana ni vivyo hivyo: ofisi inapiga kelele, fundi hana malighafi, na kwa kuhimizwa miaka na miaka tezi inanenepa mpaka inakuwa rovu. Ndiyo hofu ya bibi ilikotoka, na haikuwa ya kipuuzi. Nchini kwetu rovu lilikuwa jambo la kawaida milimani kabla ya chumvi kuanza kutiwa madini joto miaka ya 1990.

Lakini hesabu ya barua ina sharti moja. Lazima ofisi iwe hai.

Mwezi wa tatu katikati, kabla hata jua halijachomoza vizuri, bajaji ilisimama mlangoni na yule mama akateremshwa kwa kubebwa. Alikuwa anatapika tangu usiku. Presha 70 kwa 40. Sukari 2.7. Anajibu akiitwa, kisha macho yanafunga tena. Mume wake alitoa mfukoni karatasi ya vidonge iliyokunjwa: levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, ya mikrogramu 100. Jirani yao aliyefanyiwa upasuaji wa shingo alimsikia anavyolalamika, akaona dalili ni zake zilezile za zamani, akamgawia. Alikuwa amemeza kila asubuhi kwa siku kumi na mbili. Siku za mwanzo alisema anasikia joto kidogo, hata alivua sweta. Halafu akaanza kuishiwa nguvu, kizunguzungu, kichefuchefu.

Jirani alikuwa sahihi kuhusu homoni iliyopungua, tena sahihi kuliko mimi. Lakini kama tatizo lingekuwa thairoidi peke yake, dawa ile ingemwinua.

Aliyefungua fundo ni sista mmoja wa siku nyingi, mkunga, aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku. Alikuwa anamtafutia mshipa wa dripu, na mshipa ukawa mgumu kupatikana. Akiwa ameinama hivyo, akamuuliza bibi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto wake alimnyonyesha?"

"Hata tone halikutoka," bibi akajibu. "Nilimpikia uji wa pilipili manga arobaini nzima, nikampa na supu. Wapi! Tukamlea mtoto kwa maziwa ya kopo."

"Alijifungua salama?"

"Salama! Kondo la nyuma liligoma. Damu ilitoka mpaka godoro likalowa. Waliongeza chupa nne. Tulishamlilia."

Sista aliniangalia. Mimi nikauliza lililobaki: siku zake zilirudi lini? Hazikurudi. Miaka mitatu. Yeye alidhani ni vizuri tu, amepumzika. Na nywele za kwapani? Mgonjwa mwenyewe akafumbua macho akasema hazioti tena, hajashika wembe tangu ajifungue.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la Harold Sheehan, mtaalamu wa patholojia wa Liverpool aliyeueleza mwaka 1937. Mimba inapokua, pituitari nayo inakua, kwa sababu seli za kutengeneza homoni ya maziwa zinaongezeka sana. Inakuwa kubwa, inahitaji damu nyingi, lakini sehemu yake ya mbele inalishwa na mishipa midogo ambayo presha yake ni ndogo hata siku njema. Mama akivuja damu wakati wa kujifungua na presha yake ikaanguka, tezi hiyo inakosa damu, na sehemu yake inakufa. Mama anaokolewa, anaongezewa damu, anaruhusiwa na mtoto wake. Hakuna anayejua kwamba ofisi imeungua. Maziwa yanakosekana kwanza, halafu hedhi, na baada ya miezi au miaka thairoidi na tezi za juu ya figo zinabaki bila wa kuziamuru.

Mahali ambapo akina mama wanahudumiwa mapema na damu ipo, ugonjwa huu umekuwa adimu. Kwetu bado tunakutana nao, na huwa tunachelewa, kwa sababu anayeshughulika na uzazi na anayeshughulika na uchovu miaka mitatu baadaye ni watu wawili wasioonana.

Nirudi kwenye kile kitanda. Kilichokuwa kinamuua asubuhi ile hakikuwa thairoidi. Kilikuwa kukosa kortisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, inayoshikilia presha na sukari mwili unapopata misukosuko. Hizo nazo zinangoja amri ya pituitari. Kwa miaka mitatu mwili wake ulikuwa unakwenda mwendo wa pole, na mwendo wa pole unahitaji kortisoli kidogo. Ile iliyobaki ilimtosha kwa shida. Thairoksini ya jirani iliongeza mwendo. Mwili uliochangamka unahitaji kortisoli zaidi, na tena thairoksini huharakisha ini kuivunja kortisoli iliyopo. Mahitaji yakapanda, akiba ikashuka. Siku ya kumi na mbili pakawa hapana kitu.

Tulivuta damu ya kupima kortisoli, na hapohapo, bila kungoja majibu, nikampiga sindano ya haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 100 kwenye mshipa, pamoja na dripu ya maji ya chumvi na sukari. Nasisitiza hapo kwa wenzangu: majibu ya kortisoli hayangojewi. Yalipofika yalisema 58, wakati mtu mwenye tezi nzima akiwa katika hali ile angetarajiwa kupita 500. Saa sita mchana presha ilikuwa 104 kwa 66. Jioni alikaa mwenyewe akaomba chai.

Usiku ule alikojoa sana, ndoo kwa ndoo, ndugu wakaogopa. Sodiamu yake, yaani chumvi ya damu, alipoingia ilikuwa 121, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Bila kortisoli mwili unang'ang'ania maji, sodiamu inazimuliwa. Kortisoli ikirudi figo zinayaachia kwa kishindo. Hapo lazima uwe macho, kwa sababu sodiamu ikipanda haraka mno ubongo unaweza kuumia. Tulipima kila baada ya saa sita na kupunguza dripu, ili sodiamu isipande zaidi ya 8 kwa siku. Hayo sikuyafanya peke yangu. Nilikuwa kwenye simu na bingwa wa homoni wa hospitali kubwa karibu usiku kucha, na kesho yake mchana tulimhamishia kwake.

Damu ile ya mwanzo tuliipima pia T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu. T4 zaidi ya asilimia 99 husafiri imeshikwa. Hiyo ndogo iliyo huru ndiyo inayoingia kwenye seli. Ilikuwa 7.4, ilhali kawaida ya maabara ile ni 12 hadi 22. Na hiyo ni baada ya siku kumi na mbili za vidonge vya jirani. TSH? 1.8.

Msomaji anaweza kuuliza: ofisi imeungua, hizo barua zinatoka wapi? Mbona TSH si sifuri? Jibu ndilo linalofanya kisa hiki kiwe na thamani. Seli chache zilizobaki bado zinaandika, lakini barua zake hazina muhuri. TSH ni protini yenye vipande vya sukari vilivyobandikwa juu yake, na vipande hivyo ndivyo vinavyoipa nguvu ya kusikilizwa na thairoidi. Pituitari iliyojeruhiwa hutoa TSH ambayo vipande vyake havijakaa sawa. Maabara inahesabu karatasi, haisomi muhuri. Inaona barua 2.1, inaandika kawaida. Fundi anazipokea, anaziangalia, hafanyi kazi. Kila mtu wa mtaani kwetu anajua barua isiyo na muhuri inavyopokelewa dirishani.

Na hata bila kujua habari za muhuri, ile 2.1 ilipaswa kunishtua kama ningeiweka kando ya T4. Homoni ikiwa chini kiasi kile, ofisi nzima ingekuwa imefurika barua. TSH ya kawaida penye T4 ya chini si ya kawaida hata kidogo. Mimi sikuwa na T4. Nilikuwa na nusu ya swali, nikalitolea jibu zima.

Picha ya MRI ilionyesha tandiko la mfupa likiwa karibu tupu.

Alianza na steroidi, yaani dawa za kuziba pengo la kortisoli, siku tano bila thairoksini, na mpangilio huo haugeuzwi. Vidonge vya haidrokotisoni havipatikani kirahisi kwenye maduka ya dawa ya mtaani kwake, kwa hiyo bingwa alimpa prednisoloni miligramu 5 kila asubuhi. Levothairoksini ilianza na mikrogramu 50, ikapandishwa taratibu hadi 100, ileile ya jirani. Anaamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa; kidonge anakimeza kwa maji muda huo, chai inafuata baada ya saa nzima. Vile vidonge vya kuongeza damu nilivyompa mimi vilisogezwa mpaka jioni, maana madini ya chuma yakikutana na thairoksini tumboni yanaizuia isinyonywe. Zinahitaji kupishana angalau saa nne.

Aliniuliza kama atapata mtoto mwingine. Nilimwambia mayai yake yapo, kinachokosekana ni amri ya kuyaivisha, na amri hiyo wataalamu wa uzazi wanaweza kuitoa kwa sindano, ingawa gharama yake ni kubwa. Alikaa kimya, kisha akasema huyo mmoja alimpata kwa damu ya watu wanne asiowajua.

Tulimtengenezea kadi, imeandikwa kwa Kiswahili kwa kalamu nyekundu na kuwekwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Upande mmoja: akipata homa, prednisoloni iongezwe mara mbili mpaka apone, akitapika, achomwe haidrokotisoni haraka, asingojewe majibu. Upande wa pili: dozi ya thairoksini ipangwe kwa T4 huru, si kwa TSH.

Upande huo wa pili umeshafanya kazi. Mwezi wa kumi alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya kituo kingine, alikokwenda kwa kikohozi. Nilisikia honi za daladala nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imerudi, haikwaruzi, na maneno yalikuwa yanakimbizana.

"Daktari, hapa wamenipima thairoidi. Wanasema TSH imeshuka sana, 0.04, dawa imenizidi, nipunguze nusu."

"T4 wamepima?"

"Wamepima. Kumi na nane."

"Wape kadi, dada. Waisome nyuma."

"Nimeshawapa," akasema. "Nimekupigia tu uwasikie wenyewe," na akamkabidhi daktari wa kule simu.